Lugha ya Amri na Lugha ya Jibu: Kutoka Simu ya Ujiji hadi Kompyuta

Waya wa simu ulifika Ujiji kabla ya reli. Cecil Rhodes aliunda kampuni mwaka 1892 kwa nia ya kutandaza waya mmoja kutoka Cape hadi Cairo. Mwaka 1899 alikwenda Berlin kutafuta ruhusa ya kuupitisha katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Na mwanzoni mwa karne ya 20 waya huo ulifika Ujiji, ukakoma hapo. Rhodes alikufa mwaka 1902, wala Cairo haikufikiwa. Hivyo mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara ukawa pia mwisho wa njia ya maneno. Tangu siku hizo mtu aliweza kuketi kando ya Ziwa Tanganyika, akagonga chuma, na amri yake ikasomeka mbali sana, mahali ambapo sauti yake isingefika kamwe.

Nia ya insha hii ni kuchunguza jambo moja katika historia hiyo ya waya na amri. Mtu aketiye mbele ya kompyuta, akaiamuru imwonyeshe maandishi yake kwa Kiswahili badala ya Kiingereza, amegeuza kitu gani hasa? Jambo hilo laonekana dogo, nalo hufanyika kwa mstari mmoja wa herufi. Lakini Ujiji na jirani yake Kigoma ni miji iliyogeuziwa lugha ya serikali mara nyingi katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Kwa sababu hiyo yafaa kutufundisha tofauti iliyopo kati ya lugha iliyobandikwa mlangoni na lugha iliyoshika kazi ndani ya nyumba.

Tuanze na mji wenyewe. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuijua njia. Livingstone aliwasili mwaka 1869, na Stanley akamkuta hapo mwezi wa Novemba 1871. Katika miaka hiyo mkubwa wa watu wa pwani katika mji alikuwa Mwinyi Kheri, na Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya mitumbwi, na ya wangwana waliochukua mizigo. Waha walikuwa na Kiha chao, na Wamanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa walikuja na lugha zao. Lakini walipotaka kununua, kuuza, kukopa au kudai, walikutana katika Kiswahili. Hapakuwa na serikali iliyotangaza ya kwamba iwe hivyo. Aliyetaka barua aliandikiwa kwa herufi za Kiarabu, na barua ilifuata msafara miezi mingi mpaka pwani.

Mwaka 1896 Wajerumani walianzisha kituo chao cha kijeshi Ujiji. Katika ramani zao mji uliandikwa Udjidji, na katika daftari zao hesabu ziliandikwa kwa Kijerumani. Hata hivyo ofisa aliyetaka kodi ikusanywe au njia ilimwe hakuamuru kwa Kijerumani, kwa kuwa asingepata mtu wa kumtii. Aliamuru kwa Kiswahili, kwa kinywa cha akida au karani. Shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga mwaka 1892 ilikusudiwa kutoa makarani wa namna hiyo, na Kiswahili chao kiliandikwa kwa herufi za Kirumi. Kwa hiyo palikuwa na lugha mbili katika ofisi moja: daftari ilisema Kijerumani, na amri ilitoka kwa Kiswahili.

Reli ya kati ilifika Kigoma tarehe 1 Februari 1914, na bandari ya Kigoma ikaanza kuupokonya mji wa Ujiji cheo chake. Vita vikaja mwaka huo huo. Mwishoni mwa Julai 1916 Wajerumani waliondoka Kigoma, na Wabelgiji wakaingia. Msomaji atakayepata kuziona stempu za siku hizo ataona jambo la ajabu. Wabelgiji walichukua stempu za Kongo, wakazipiga chapa juu yake kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, ya kwamba hii ni Afrika ya Mashariki ya Kijerumani iliyokaliwa na Ubelgiji. Karatasi ni ya Kongo, picha ni ya Kongo, na juu yake pamepigwa maneno mapya ya kutangaza mwenye mamlaka. Huo ndio mfano ulio dhahiri kabisa wa kubadili lugha ya kuonyeshea: kitu hakikufanywa upya, bali uso wake umepakwa maneno mengine.

Mwezi wa Machi 1921 Wabelgiji nao walikabidhi nchi kwa Waingereza, wakabaki na eneo lao la bandari Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Kiingereza kikaingia katika daftari. Meli waliyoiunda Wajerumani Kigoma, Graf von Götzen, iliyoshushwa majini mwaka 1915 na kuzamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa Julai 1916, ilitolewa chini ya maji mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Jina ni jipya, chombo ni kile kile, na mitambo yake ilitoka Ujerumani.

Ukihesabu, basi, mtu aliyezaliwa Ujiji mwaka 1890 alikuwa na miaka 31 tu alipokwisha kuona Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza vikifuatana katika daftari za serikali. Kila moja iliingia kwa tangazo, na ya Wabelgiji ilitoka kwa makabidhiano baada ya miaka mitano. Kiswahili, ambacho hakikuwa na tangazo lolote katika mji ule, kilibaki sokoni, bandarini na barazani pa liwali. Sababu yake si siri. Zile lugha nyingine zilikuwa lugha za jibu, yaani lugha ambazo mamlaka yalijiandikia na kujieleza. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, yaani lugha ambayo kazi ilifanyika. Lugha ya jibu hubadilishwa na anayetawala. Lugha ya amri haibadiliki mpaka watendao kazi wabadilike.

Sasa turudi kwenye waya, maana ndio unaotuongoza kutoka Ujiji ya kale hadi kwenye kompyuta. Baada ya chombo cha kugonga chuma ilikuja mashine ya kupigia chapa iliyounganishwa na waya: mtu alipiga herufi upande huu, na karatasi ikaandikika upande wa pili. Mashine za namna hiyo ndizo zilizotumiwa kuzungumza na kompyuta huko Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza mwaka 1969 kuunda mfumo uitwao Unix. Mtu aliandika mstari mmoja wa amri; kompyuta ikajibu kwa mstari mwingine. Programu iliyopokea amri hizo, ikazifasiri na kuzipeleka ndani, nitaiita hapa ganda, kwa kuwa hukizunguka kiini cha mfumo kama ganda lizungukavyo nazi. Karatasi ilikwisha kuondolewa, kioo kikachukua mahali pake, lakini mazungumzo ni yale yale hadi leo: mstari wa amri, kisha mstari wa jibu. Mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, umerithi desturi hiyo. Torvalds mwenyewe lugha ya mama yake ni Kiswidi. Hata hivyo amri alizozikuta na kuzifuata zilikuwa vifupisho vya Kiingereza.

Herufi zilizosafiri katika waya zilikuwa na mipaka. Orodha ya alama iitwayo ASCII, iliyotolewa kwanza mwaka 1963, ina nafasi 128 tu, nayo ilipangwa kwa ajili ya Kiingereza. Kijerumani kilikosa herufi zake zenye nukta mbili juu, Kifaransa kikakosa alama zake za mkazo, na Kiarabu kikakosa kila kitu. Kiswahili cha herufi za Kirumi kilipita bila kukosa hata herufi moja, kwa maana hata ng' yetu huandikwa kwa alama iliyomo katika orodha. Ingalikuwa Ujiji bado yaandika kwa herufi za Kiarabu kama siku za Mwinyi Kheri, mambo yangalikuwa mengine. Lakini hata bahati hiyo ina mwiba wake. Katika ganda, ile alama ndogo ya ng' ndiyo ifunguayo na kufunga maneno ya kunukuu. Mtu akiandika jina la faili lenye neno ng'ombe, ganda hudhani kwamba amefungua nukuu na hajaifunga. Basi hukaa kimya na kumngojea. Huyo ng'ombe amesimamisha kazi yote, na sababu yake ni kwamba waliogawa alama hizo kazi zake hawakuwa na ng'ombe wetu mawazoni.

Sheria ya kubadili lugha ilikuja baadaye. Katika kanuni za lugha ya programu iitwayo C, zilizothibitishwa Marekani mwaka 1989, iliwekwa njia ya programu kuuliza: mtumiaji wangu ni wa lugha gani na wa nchi gani? Asipopatikana wa kuijibu, programu hukaa katika hali ya awali, ambayo kwa kawaida ni Kiingereza kitupu. Jibu hutolewa kwa jina fupi. Kwa Mtanzania jina hilo ni sw_TZ.UTF-8: herufi mbili za lugha, herufi mbili za nchi, na namna ya kuandika herufi. Mtu huliandika katika kigezo kiitwacho LANG, akakitangaza kwa neno export, na tangu hapo kila programu anayoianzisha katika kikao hicho hupewa habari ya kwamba bwana wake ni Mswahili.

Vigezo hivi vina vyeo, kama vile serikali ilivyokuwa na gavana, mkuu wa wilaya na jumbe. LANG ni kama jumbe: neno lake hufuatwa mahali ambapo mkubwa wake hakusema. Juu yake wapo wenye idara: LC_TIME husimamia tarehe na saa, LC_MESSAGES husimamia maneno ya ujumbe. Juu ya wote yuko LC_ALL, ambaye akinena wengine hunyamaza. Mafundi wa mfumo wa GNU wameongeza mmoja wa pembeni, LANGUAGE, ambaye kwa maneno ya ujumbe aweza kupewa orodha: kwanza Kiswahili, na kisipopatikana, lugha nyingine. Mtu wa Ujiji aweza kuandika Kiswahili kisha Kiingereza. Jamaa yake wa Kalemie, upande wa pili wa ziwa, aweza kuandika Kiswahili kisha Kifaransa. Hapo historia ya mwaka 1916 na 1921 yote imo katika orodha ya maneno mawili.

Yafaa kusisitiza neno kikao. Tangazo lililofanywa katika ganda huishi muda wa kikao hicho na wa programu zilizozaliwa ndani yake. Likifungwa dirisha, tangazo limekufa, na kesho yake kompyuta itaamka ikisema lugha ile ile ya jana. Atakaye ligeuzo lidumu hana budi kuliandika katika faili isomwayo kila kikao kinapofunguliwa. Aidha, ikiwa maelezo ya Kiswahili cha Tanzania hayakuwekwa katika mashine hiyo, tangazo halisaidii kitu: mashine hunung'unika kidogo, kwa Kiingereza, kisha huendelea kama kwamba haikuambiwa neno. Utawala wa Wabelgiji katika Kigoma ulikuwa kikao cha namna hiyo. Ulitangazwa, ukapigwa chapa, ukarithiwa na ofisi ndogo zilizokuwa chini yake. Kisha kikao kilifungwa, na lugha yake ikabaki katika lile eneo la bandari tu.

Natuseme sasa ni mambo gani yanayogeuka kwa kweli. Kwanza, tarehe. Mwezi huwa Januari au Machi, siku huwa Jumatatu au Ijumaa. Lakini saa haikugeuka. Mashine itaandika 14:05 mahali ambapo kila mtu katika soko la Ujiji atasema ni saa nane na dakika tano mchana. Hesabu yetu ya saa huanza jua linapochomoza, na haikuingia katika kanuni za mashine. Yaliyoingia ni maneno kama asubuhi, mchana na jioni, ambayo yamewekwa kandokando ya hesabu ya watu wengine. Hali kadhalika majina ya siku zetu huhesabu kutoka Jumamosi, siku ya kwanza baada ya Ijumaa, na kalenda za mashine kwa kawaida huanza Jumapili au Jumatatu. Maneno ni yetu, mpangilio si wetu.

Pili, ujumbe. Programu nyingi za mfumo huu huweka sentensi zake katika daftari la pekee, ambamo kila sentensi ya Kiingereza ina nafasi ya tafsiri pembeni. Nyingi kati ya hizo zina pengo la kujazwa na jina la kitu. Kwa Kiingereza pengo halina taabu, kwa kuwa kitenzi hakijali ni kitu gani kimefutwa. Kiswahili hujali. Kitabu kimefutwa, faili limefutwa au faili imefutwa, mafaili yamefutwa, nyaraka zimefutwa. Mfasiri hajui pengo litajazwa na nini, kwa hiyo hajui aandike ki, li, i, ya au zi. Daftari humpa nafasi ya kutofautisha moja na nyingi, maana Kiingereza kina tofauti hiyo. Halimpi nafasi ya kutofautisha ngeli, maana Kiingereza hakina ngeli. Mfasiri mwangalifu atakwepa kwa kuandika, Imefutwa: kisha jina. Sentensi hiyo yasomeka, lakini imekatwa mkono ili ipite katika mlango uliojengwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Tatu, na hili ndilo la hatari, kuna ndiyo na hapana. Programu inapotaka kufuta kitu huuliza kwanza, na mtu hujibu kwa herufi moja. Kwa Kiingereza herufi n huanzia neno la kukataa. Kwa Kiswahili herufi n huanzia neno ndiyo. Maelezo ya lugha katika mfumo yana mahali maalumu pa kuandika ni herufi zipi za kukubali na zipi za kukataa, na waliotengeneza mfumo walifanya vyema kuliona hilo. Lakini fikiri fundi aliyejifunza kazi kwa Kiingereza miaka kumi, ambaye kidole chake hukimbilia n kila anapotaka kujizuia. Siku atakapogeuza kikao chake kiwe cha Kiswahili, na programu ikafuata kanuni ya Kiswahili, kidole kile kile kitafuta alichokusudia kukihifadhi. Hapa lugha imeacha kuwa pambo. Imegusa tendo, na kosa lake halifutiki. Ndiyo maana mafundi wengi huacha mashine za kazi kubwa katika hali ya awali, wakisema ya kwamba ni salama zaidi. Hoja yao ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Lakini matokeo yake ni kwamba Kiswahili huruhusiwa mahali pasipo na madhara na kufungiwa nje pale penye madaraka.

Katika nchi yetu jitihada kubwa ya kwanza ya kazi hii ilifanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, katika mradi ulioitwa Kilinux, pamoja na mafundi kutoka Sweden. Mwezi wa Desemba mwaka huo walitoa programu za ofisi za OpenOffice zilizofasiriwa kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Ikumbukwe kwamba ni miaka thelathini tu kabla yake, mwaka 1974, Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kutoka marufuku hadi tafsiri kwa kizazi kimoja ni mwendo wa haraka. Wafasiri walikuta bahari ya vitu visivyo na majina: kipanya, nenosiri, kiolesura na mengineyo yalibidi yabuniwe au yachaguliwe, na hata mashine yenyewe iliitwa kompyuta na hawa, tarakilishi na wale, ngamizi na wengine. Kazi hiyo yafanana na ile ya Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika ya Mashariki iliyoanza tarehe 1 Januari 1930, baada ya Kiunguja kuchaguliwa huko Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Lakini daftari la ujumbe halikai lilivyo. Kila toleo jipya la programu huleta sentensi mpya na kubadilisha za zamani. Sentensi isiyo na tafsiri hairudi tupu. Hurudi kwa Kiingereza. Kwa hiyo tafsiri iliyoachwa bila mlezi haianguki siku moja kama nyumba; huoza kama makuti, tundu hapa na tundu pale, mpaka mwenye nyumba analowa na kuhama. Mradi una mwisho wake wa fedha na wa miaka, nao hauna tofauti na kikao: ukifungwa, kilichobaki ni kile tu kilichoandikwa mahali panaposomwa kila siku.

Jambo jingine linalogusa Ujiji hasa ni mpaka. Katika orodha ya kimataifa ya lugha, Kiswahili kina jina moja kubwa, na chini yake majina mawili: swh kwa Kiswahili cha pwani na sanifu, swc kwa Kiswahili cha Kongo. Mpaka wa majina hayo mawili wapita katikati ya Ziwa Tanganyika. Wazee wa Ujiji, ambao wengi wana asili ya Manyema, wangeshangaa kuambiwa ya kwamba wakivuka maji wamebadilisha lugha. Ni kweli kwamba Kiswahili cha Kalemie na Uvira kina sura yake, na wenyeji wake wana haki ya kuonyeshwa maneno yao katika mashine zao. Lakini ni vema wapangaji wakumbuke kwamba lugha hiyo ilivuka ziwa katika mitumbwi, ikiwa mikononi mwa watu wale wale, kabla herufi TZ na CD hazijapata maana.

Yote niliyoyasema mpaka hapa yahusu jibu la mashine. Amri je? Mtu akiisha kugeuza LANG, amri zabaki vile vile: ls ya kuorodhesha, cp ya kunakili, rm ya kufuta. Hivyo Ujiji imepinduliwa. Katika siku za Wajerumani karani aliamuru kwa Kiswahili na daftari likajibu kwa lugha ya kigeni. Katika ganda la kompyuta mtu wa Ujiji huamuru kwa lugha ya kigeni na mashine humjibu kwa Kiswahili. Ukiuliza ni ipi kati ya hali hizo mbili iliyo heri kwa lugha, historia ya mji imekwisha kutoa jibu. Ile iliyoshika amri ndiyo iliyodumu.

Wapo wasemao kwamba amri haziwezi kugeuzwa, kwa kuwa ni ishara tu, kama alama za hesabu, na kwamba fundi wa Kigoma na fundi wa Tokyo lazima wasomane. Neno hili lina ukweli. Ganda lamruhusu mtu kuyapa majina ya badala: aweza kuagiza kwamba neno futa lifanye kazi ya rm, na orodha lifanye kazi ya ls, akayaandika katika faili yake ya kudumu. Lakini programu aliyoiandika kwa majina hayo haitatembea katika mashine ya jirani asiye na faili hiyo. Basi umoja una faida yake.

Hata hivyo tusikubali haraka kwamba amri ni kitu kisichofasirika. Kila mwanafunzi wa Tanzania amesimama katika gwaride la shule akasikia, mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka, mbele tembea. Hizo ni amri halisi, fupi, zisizo na nafasi ya mashaka, na mtu akikosea hugongana na mwenzake. Zina asili ya majeshi ya kigeni, nazo zimekuwa Kiswahili kitupu, wala hakuna aliyezigonga juu ya nyingine kama chapa ya stempu. Zilipewa mdundo wake zikakaa. Mahakama nayo yatufundisha hivyo hivyo. Miaka mingi shahidi alisema Kiswahili na hakimu wa mahakama za juu akaandika Kiingereza, na waliokuwapo waliambiwa kwamba sheria haiandikiki vinginevyo. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kuzifasiri sheria ni kubwa, lakini cheo kimegeuzwa kutoka juu, kwa LC_ALL ya nchi, tukitumia mfano wetu.

Kwa hiyo nasema kwamba kubadili lugha ya kikao cha ganda ni mwanzo mwema, nalo ni jambo ambalo kila mwanafunzi apaswa kulijua, maana atakayeona kosa lake limeelezwa kwa lugha anayoiota atalirekebisha upesi zaidi. Lakini kazi haiishi hapo. Wanazuoni wa lugha wana deni la kuwapa mafundi kanuni ya ngeli itakayowezesha pengo lijazwe bila kuikata sentensi mkono. Mafundi wana deni la kutengeneza daftari la ujumbe lenye nafasi ya kanuni hiyo. Na walimu wa kompyuta wana deni la kufundisha amri kwa kuzieleza kwa Kiswahili, kwamba rm yafuta na cp yanakili, ili mwanafunzi aijue kazi ya amri kabla ya kuikariri.

Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza kila mmoja aliugeuza mji ule useme kwa lugha yake, na kila mmoja alidhani kazi imekwisha alipoona maneno yake yameandikwa katika daftari na juu ya stempu. Wachukuzi wa Ujiji, ambao hawakuandikiwa neno, waliendelea kuitana kwa Kiswahili bandarini, na meli ikapakiwa.